Mwiba wa Kukatia Kurasa

Sifa za ile riwaya zilifika Kalinzi kabla ya riwaya yenyewe. Zililetwa na Kunguru, aliyepanda treni Dar es Salaam akashuka Kigoma, mwisho wa reli ya kati, akadandia lori la kwenda Manyovu na kuteremka Kalinzi alfajiri, ukungu ungali umelala juu ya mibuni. Kabla hajakaribishwa hata uji, akaanza kupiga mbiu sokoni. Kimetoka kitabu ambacho mfano wake haujapata kuonekana. Kimepewa tuzo. Kina kurasa 612. Na aliyekiandika si mgeni, ni mtoto wenu, Korongo wa Ujiji.

"Kinahusu nini?" akauliza Sungura, aliyekuwa akipanga mafungu ya maharage.

"Kinahusu kila kitu," akajibu Kunguru.

Jibu hilo likawatosha. Hakuna aliyemuuliza Kunguru kama amekisoma. Hakuwa amekisoma, siku ya kutoa tuzo alitua juu ya paa la ukumbi, akasikia makofi, na makofi hayo ndiyo aliyoyabeba mpaka Kalinzi. Ilipofika adhuhuri tuzo moja ilikuwa imeshakuwa tatu. Ilipofika magharibi ikasemekana kwamba Twiga wa Dodoma aliangua kilio alipofika ukurasa wa mwisho, ilhali Twiga mwenyewe alichosema ni kwamba jalada limempendeza.

Furaha ya Kalinzi ilikuwa ya haki, na simlaumu aliyefurahi. Wakazi wa milima hii na wa ufuko ulio chini yake wamezoea kuandikwa, hawajazoea kuandika. Upande wa magharibi, mteremko unapoangukia ziwani, iko Gombe. Jane Goodall alitia nanga pale Julai 1960, na kabla ya mwaka kwisha akamwona sokwe akichovya unyasi kwenye kichuguu na kuutoa umejaa mchwa. Habari hiyo ikazunguka dunia. Kusini iko Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na Stanley akaandika kitabu. Katika maandiko ya namna ile mwenyeji hutajwa anapobeba mzigo, anapoonyesha njia au anapoumwa homa. Kwa hiyo mtoto wa ufukoni alipoandika kurasa 612 kwa mkono wake, kijiji kizima kiliona kimetendewa haki.

Tena walikuwa na mfano karibu. Mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotunukiwa Nobel ya Fasihi, Kalinzi ilipongezana siku nyingi bila kuwa na kitabu chake hata kimoja. Mwaka uliofuata Paradise, riwaya yake ya 1994, ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mzee Kobe akaagiza nakala yake, akaisoma kwa mwendo wake wa Kobe, akakuta ndani msafara unaotoka pwani, unapanda bara na kuvuka ziwa. Akamaliza, akarudia. Pongezi zilizotangulia zikawa zimepata mwenye kuzithibitisha. Basi kwa nini isiwe hivyo tena?

Aliyeingoja riwaya ya Korongo kuliko wote ni Mama Nungunungu. Yeye alikuwa mfanyakazi wa mtambo wa kuchakata kahawa. Wakulima wakileta kahawa mbivu jioni, nyekundu, ingali na joto la jua, yeye huimwaga kwenye tangi la maji. Punje nzima huzama. Zilizotobolewa na mdudu, au ambazo hazikujaa ndani, huelea, na kazi yake ni kuzikusanya kwa ungo na kuziweka kando kabla ya nyingine kumenywa, kuvundikwa, kuoshwa na kuanikwa vichanjani. Ukiziangalia juu juu hutajua tofauti, maana nyingine zinazoelea zina wekundu unaozidi zile zilizozama. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu akiwa binti.

Usiku alisoma. Na kitabu alichokipenda kupita vyote ni kile cha kwanza cha Korongo, kijitabu cha kurasa 90 kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, ambacho hakikupewa tuzo wala kutajwa na Kunguru yeyote. Alikuwa amekisoma mpaka uzi wa katikati ukakatika. Mle ndani wavuvi walisubiri mwezi ufe ndipo waingie ziwani, kwa sababu dagaa hufuata taa ya karabai palipo na giza, na mbalamwezi huwavuruga. Na katika siku zile za mwezi mpevu wake zao walifurahi kuwa na waume nyumbani, huku wakihesabu unga uliobaki. Mama Nungunungu hakuwa ameishi ufukoni hata siku moja, lakini alipofunga kitabu kile alijua harufu ya mafuta ya taa kwenye blanketi.

Vitabu vilipowasili akanunua cha kwanza, kwa madebe mawili ya kahawa. Kilikuwa kizito. Jaladani palikuwa na nembo ya dhahabu, na nyuma maneno ya Sokwe wa Gombe, ambaye kwa kuwa ukoo wake umeandikwa sana huhesabiwa mjuzi wa vitabu. Sokwe alisema riwaya hii ina kina kuliko Ziwa Tanganyika.

Kulikuwa na dosari moja, na mambo yote yaliyofuata yalitokana nayo. Kitabu kilichapwa mbiombio ili kiwahi sherehe. Kwa kawaida karatasi kubwa ikishachapwa hukunjwa na kukunjwa tena, ikawa fungu la kurasa 16. Mafungu hushonwa pamoja, kisha kingo hukatwa ili kurasa zifunguke. Mara hii kingo hazikukatwa. Fungu la kwanza tu ndilo lililofunguliwa, kwa ajili ya maonyesho. Kuanzia ukurasa wa 17 kurasa zilikuwa zimeshikana juu na ubavuni, na aliyetaka kuendelea ilimlazimu atafute kitu chembamba na kigumu cha kuzitenganishia bila kuzichana.

Mama Nungunungu hakupata shida. Miiba yake hudondoka yenyewe. Aliokota mmoja, mrefu, mweusi na mweupe kwa zamu, akaupitisha katikati ya karatasi, akaanza kusoma mbele ya koroboi.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na hili alilisema baadaye mbele ya wote. Mnandi, mvuvi, anakufa maji katika dhoruba. Usiku wa giza wa kwanza baada ya matanga, mjane wake anateremka ufukoni kudai karabai ya marehemu kutoka kwa wenzake wa chombo. Hawamkatalii, wanamwambia asubiri. Anasubiri amekaa juu ya wavu, taa za vyombo vingine zimeshatawanyika ziwani. Wanapompa, kioo kimejaa masizi, naye anachota jivu, analowesha kitambaa, anakisugua pale pale mpaka kinang'aa, kisha anabaki ameishika taa bila kujua ataipeleka wapi, maana yeye si mvuvi. Mama Nungunungu alipofika hapo alizima koroboi ili mafuta yasiishe, akalala akiwaza ile taa.

Baada ya hapo mjane akatoweka. Ukurasa wa 97 anatoka mlangoni, na harudi tena. Nafasi yake inachukuliwa na mazungumzo. Babu anahutubia kuhusu wakati. Upepo unahutubia kuhusu historia. Mtoto wa miaka sita anaeleza maana ya uhamisho kwa maneno yale yale ya babu yake. Hakuna anayefungua mlango. Anafungua ukimya wa vizazi. Hakuna anayekunywa maji; anameza usahaulifu. Wahusika wapya wanaletwa kwa nasaba zao tangu mababu saba, wanasema maneno makubwa, wanaondoka, na ukiwatia wote ndani ya chumba chenye giza hutajua nani ni nani kwa sauti.

Alisonga mbele. Alijilaumu kwanza: labda ni uchovu wa kazi, labda ni macho. Akabadilisha saa za kusoma. Akaanza upya tangu mwanzo. Hatimaye akaenda kwa Mzee Kobe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unacho kitabu."

"Ninacho, babu, na kinanishinda. Sijui kama ni kigumu au ni kitupu."

Mzee Kobe alifikiri, kisha akamtajia Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020. Alipoandika Rosa Mistika mwaka 1971 kila mtu alielewa, na kwa sababu walielewa ikapigwa marufuku shuleni. Lakini Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile iliyoifuata vilikuwa vitabu vyembamba, na vilimtoa Kobe jasho. "Nilikwama. Nikaviweka chini, nikarudi. Kila niliporudi nilikuta kitu ambacho mara ya kwanza sikukiona. Ugumu wa kweli unakulipa, mwanangu, japo kwa kuchelewa. Wewe hicho chako ukikirudia kinakulipa?"

Mama Nungunungu hakujibu upesi. Alirudi nyumbani akakifanyia kitabu kile haki anayoijua. Waonjaji wa kahawa hawanywi gunia zima. Huchota kwa kijiko, huvuta kwa kishindo ili ladha ienee kinywani, hutema. Lakini pia hawahukumu kwa kikombe kimoja: kwa sampuli moja huandaa vikombe vitano, kwa sababu punje moja mbovu yaweza kuharibu kikombe kimoja na shehena yote ikasingiziwa. Basi yeye naye alichagua mahali patano mbali mbali, ukurasa wa 180, wa 300 na kitu, wa 450, sura inayokaribia mwisho na sura ya mwisho yenyewe. Akapitisha mwiba, akafungua, akasoma kila mahali kurasa kumi kwa utulivu. Mahali pote patano babu alikuwa akihutubia. Alirudi alipokuwa ameishia, ukurasa wa 214, akaacha mwiba humo, akakifunga. Hakuwa na furaha. Alikuwa amempoteza mjane, na alikuwa amempoteza mwandishi wa kile kijitabu cha kurasa 90.

Akataka kusikia wenzake wameonaje. Akapita nyumba kwa nyumba.

Kwa Mtwale Nyani, chifu mdogo wa Kalinzi, kitabu kilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha kufuma. "Kazi kubwa," akasema Mtwale. "Kina kuliko ziwa." Mama Nungunungu akakichukua kwa heshima, akakigeuza ubavu. Kurasa zilikuwa zimeshikana kuanzia 17. Kwa Sungura, zimeshikana. Kwa Kanga mwenye duka, zimeshikana, na wanawe walikuwa wamejaribu kuchungulia ndani ya mkunjo kama wanaochungulia pango. Sokwe alikuwa amepanda kutoka Gombe kuja kuhudhuria sherehe. Naye alikuwa na chake, kimeshikana. Mama Nungunungu akakumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele yake siku zote: tangu vitabu vifike, hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kuomba mwiba. Na Kalinzi nzima mwenye miiba ni yeye.

Fisi maji peke yake ndiye aliyesema ukweli, tena bila kuulizwa. Alikuwa ameletwa na biashara ya migebuka. "Mimi sijakisoma," alisema. "Ila hilo neno la kina nalisikia kila mahali, na ziwa nalijua. Chini kabisa ni mita 1,470. Lakini samaki wote unaowala wanaishi juu. Ukishuka zaidi ya mita mia mbili maji hayana hewa, hakuna kinachopumua. Anayesifu kina peke yake hajawahi kuvua."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya akina Pongo, na hapo ndipo hekaya hii inaponiuma. Binti Pongo alikuwa kidato cha pili. Kabla ya msimu ule alikuwa akisoma chochote chenye herufi: magazeti ya kufungia vitumbua, maelekezo ya mbolea, kijitabu cha wavuvi ambacho aliazimwa na Mama Nungunungu na kukirudisha kimefungwa kwa karatasi safi. Kitabu kipya alikipata kwa fedha aliyoichuma kwa kuchuma kahawa za watu. Naye hakuomba mwiba kwa sababu aliona aibu kusumbua. Alifungua kurasa kwa jino, moja moja, kingo zikawa zimelowa na kuchanika. Mama Nungunungu alizifuata kwa kidole. Zilifika ukurasa wa 112.

"Uliishia hapa, mwanangu?"

"Ndiyo, mama." Binti akatazama chini. "Nilimtafuta yule mjane nikamkosa. Nikajua ni mimi. Kila mtu amekielewa. Mtwale amekielewa, na mwalimu anasema ni kitabu cha karne. Nikaona vitabu si vyangu."

"Na sasa unasoma nini?"

"Sisomi, mama. Nimeacha."

Kwa wengine sifa zile zilikuwa pambo la mezani. Kwa huyu, aliyefungua kurasa kwa meno, zilikuwa hukumu. Msomaji mmoja wa kweli aliyekuwepo mtaani alikuwa amefukuzwa kutoka vitabuni na kundi la watu ambao hawakuvuka ukurasa wa 16. Nimekutana na vijana wengi wa namna ya Binti Pongo, katika shule na katika madaladala, wanaosema riwaya si yao kwa sababu riwaya moja iliyopigiwa vigelegele iliwachosha na hakuna mkubwa aliyethubutu kuwaambia kwamba naye ilimchosha.

Siku ya sherehe Korongo mwenyewe alipanda kutoka Ujiji. Alikuwa kijana bado, miguu mirefu, koti limembana. Pakapikwa ugali wa muhogo na migebuka kwa mawese. Mtwale akasema kazi kubwa. Sokwe akasema kina. Mwalimu akasema karne. Kunguru, aliyekuwa amerudi kwa treni iliyofuata, akaongoza makofi. Korongo akasimama kushukuru, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, "Ni nani kati ya wahusika aliyewagusa zaidi?"

Watu wakakohoa. Mtwale akasema wote. Sokwe akasema swali hilo ni la kina.

Mama Nungunungu akanyanyuka. "Mjane wa Mnandi," akasema. "Lakini baada ya ukurasa wa 97 sikumwona tena. Nilimfuata mpaka 214, nikapekua mbele mpaka mwisho, nikaacha. Nisamehe, mwanangu. Kitabu chako sikukimaliza."

Pakazuka zogo. Mtwale akataka apigwe faini ya mbuzi kwa kuvunjia heshima mtoto wa nyumbani. Mwalimu akasema asiyemaliza kitabu hana haki ya kukisema. Kunguru akapiga kelele kwamba ni husuda. Katikati ya kelele hizo Binti Pongo, aliyekuwa amesimama nyuma na sinia la vikombe, aliliweka sinia chini, akasema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, "Hata mimi nilimtafuta mjane."

Korongo hakusikia mengine. Alitoka kwenye kiti cha mgeni rasmi, akawafuata wale wawili mpaka kwenye tangi la kahawa, kwa kuwa jioni ilikuwa imeingia na magunia ya wakulima yalikuwa yanasubiri. Mama Nungunungu akachukua ungo. Kazi haingoji.

"Mama," akasema Korongo, "sehemu ya mjane niliiandika Kibirizi, nimekaa juu ya nyavu zao. Nyingine niliandika baada ya kuambiwa kwamba sasa mimi ni mkubwa."

"Inaonekana," akasema Mama Nungunungu, bila ukali. Akakusanya zinazoelea, akazimwaga pembeni.

"Ile taa," akauliza Binti Pongo, "aliiuza?"

"Hakuiuza!" Korongo akajibu papo hapo, shingo imenyooka. "Aliikodisha kwa shemeji yake, kwa sharti kwamba kila asubuhi arudishiwe mafuta yaliyobaki. Shemeji akawa anaipunguza mafuta kabla ya kuirudisha. Mjane akatia alama kwenye tangi la taa, kwa kucha, pale yalipokuwa yakiishia. Akanyamaza mwezi mzima, anaweka alama tu. Mwezi ulipokufa tena, akaenda ufukoni kabla yao, akapanda yeye mwenyewe chomboni."

Ungo ukasimama mikononi mwa Mama Nungunungu. "Na hayo mbona hayamo?"

"Yalikuwemo. Wakaniambia ni mambo madogo."

Binti Pongo alikuwa ameshakaa juu ya gunia. "Wakamwacha aende?" akauliza. "Wanaume wa chombo, walimwacha?"